UZI: Timu nzuri kila mwaka au timu tishio mara moja moja? Kisa cha Seattle Mariners na asilimia 54

Zamu ya Tisa (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Uzi huu nimekaa nao kiporo tangu Oktoba 2025 nikingoja hasira ipoe. Imepoa nusu, naandika hivyo hivyo. Mimi ni shabiki wa Seattle Mariners, kwa hiyo mkiona nimepinda mahali mjue chanzo.

Kwa wale ambao besiboli mnaisikia kwa mbali: ligi kuu ya Marekani, MLB, ina timu 30, na kila moja inacheza michezo 162, karibu kila siku kwa miezi sita. Tangu 2022 zinaingia timu 12 kwenye mtoano, sita kila upande (American na National): mabingwa watatu wa makundi na watatu wa nafasi za nyongeza. Mabingwa wawili wenye rekodi nzuri zaidi wanaruka raundi ya kwanza, wanapumzika huku wenzao wanatoana jasho. Mwisho wa safari ni World Series. Mariners walianza 1977, na ndiyo timu pekee kati ya hizo 30 ambayo haijawahi kucheza World Series. Sijasema kushinda. Kucheza.

Sasa hoja. Oktoba 2023, msimu umeisha juzi tu, Jerry Dipoto, bosi wa masuala ya besiboli pale Seattle, alikaa mbele ya waandishi akasema lengo ni kushinda asilimia 54 ya michezo kwa kipindi cha miaka kumi. Ukiwa hivyo, mlango wa mtoano utakuwa unafunguka, na World Series itakuja yenyewe. Halafu akaongeza kwamba klabu inawafanyia mashabiki hisani kwa kuwaomba subira. Hisani! Baadaye aliomba radhi, lakini mshale ulishatoka kwenye upinde.

Chukueni kalamu. Asilimia 54 ya 162 ni 87 na nusu. Msimu huohuo Mariners walikuwa wameshinda 88. Maana yake lengo lilikuwa limeshafikiwa wakati anaongea! Na mtoano waliutazama kwenye televisheni kama mimi, kwa sababu Toronto Blue Jays walishinda 89. Mwaka 2024 wakashinda 85, wakakosa tena kwa mchezo mmoja. Mchezo mmoja kati ya 162, miaka miwili mfululizo. Huo ni mpira uliomponyoka mtu mwezi Mei, na leo hakuna anayeukumbuka.

Katikati ya hapo walifanya nini? Novemba 2023 wakampeleka Eugenio Suárez, mlinzi wao wa besi ya tatu, Arizona, biashara ambayo wengi tuliisoma kuwa ya kubana mishahara. Teoscar Hernández wakamwacha aondoke. Akaenda Los Angeles Dodgers, na Oktoba iliyofuata akawa bingwa.

Msimamo wangu ni huu, mnipinge: sina ugomvi na timu kuwa nzuri. Nzuri ni pa kupita. Ugomvi wangu ni na klabu inayofika pale, ikaona pana kivuli, ikatandika mkeka. Timu mbovu ina sababu ya kusubiri. Timu yenye ushindi 87 haina.

---

Bwana Pole

Mleta uzi umeandika vizuri ila unaandika kwa kidonda. Dipoto alikosea mdomo, hesabu yake siyo mbovu kihivyo.

Besiboli siyo mchezo ambao mkubwa anamla mdogo kila siku. St. Louis Cardinals 2006 walishinda michezo 83 tu msimu mzima na wakabeba World Series. Atlanta 2021 walikuwa na 88, wakabeba. Arizona 2023 walikuwa na 84, wakafika fainali. Ugeukie upande wa pili: Dodgers 2022 walishinda 111, wakatolewa na San Diego iliyokuwa na 89. Mwaka uliofuata wakashinda 100, Arizona hiyohiyo ya 84 ikawafunga tatu bila.

Na wewe wa Seattle ndiye wa mwisho kudai utishio. Timu yenu ya 2001 ilishinda michezo 116, rekodi inayolingana na ya Chicago Cubs wa 1906. Mliishia wapi? Yankees waliwatoa kwa 4-1 kabla hamjaiona World Series. Hao Cubs wa 1906 nao walipoteza fainali.

Kama 116 haikununui kombe na 83 inakununulia, kwa nini klabu iuze vijana wake wote kutafuta hizo za ziada? Mtaka yote hukosa yote.

---

Kelele Nyingi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, endeleeni.

---

Mgeni Uwanjani

Samahani wakuu, mimi ni mgeni humu. Si wanunue tu mastaa? Nasikia kule hakuna kikomo cha mishahara.

---

Zamu ya Tisa

@Mgeni Uwanjani karibu sana, na swali lako siyo la kijinga. Ni kweli kikomo hakuna. Kuna kodi ya anasa: ukivuka kiwango fulani (mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241) unalipa faini kwa kila dola ya juu yake, na ukirudia miaka mfululizo faini inapanda. Wenye fedha wanavuka na kulipa.

Ila fedha peke yake haikufanyi tishio. New York Mets walimpa Juan Soto mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15, mkubwa kuliko wowote kuwahi kutolewa katika besiboli. Msimu wake wa kwanza pale, 2025, Mets walishinda 83 na kukosa mtoano. Kwa hiyo ninaposema "tishio" sisemi "ghali". Nasema klabu inayojua ni tundu gani moja linaivujisha, ikaliziba kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa mwisho wa Julai.

@Bwana Pole nakuja kwako, ngoja nile kwanza.

---

Binti Takwimu

Wakati mleta uzi anakula, nisaidie upande wa hesabu, maana naona kila mtu anarusha mifano na mifano haiishi. Ukitaka 83 iliyobeba utaipata, ukitaka 108 iliyobeba utaipata pia (Boston 2018).

Chukulieni mtoano ni kurusha sarafu, kila raundi nusu kwa nusu. Siyo sarafu kamili, lakini haiko mbali nayo. Anayeanzia raundi ya kwanza anahitaji kushinda raundi 4. Uwezekano wake wa kombe ni 1 kati ya 16. Aliyeruka raundi ya kwanza anahitaji 3, yaani 1 kati ya 8. Hata bila kuwa bora uwanjani, kuruka ile raundi tu kumekuongezea nafasi maradufu.

Sasa twende na miaka kumi ya Dipoto.

Timu nzuri inayoingia kila mwaka kwa nafasi ya nyongeza, bila kukosa hata mara moja: uwezekano wa kupata angalau kombe moja ni kama asilimia 48. Siyo mbaya. Lakini timu ya ushindi 87 haiingii kila mwaka, mleta uzi ameshaonyesha. Iingie mara tano kati ya kumi, inashuka hadi asilimia 28.

Sasa weka timu tishio. Inaruka raundi ya kwanza, na ni bora kidogo tu, inashinda raundi 6 kati ya 10 badala ya 5. Kwa mwaka mmoja ina karibu asilimia 22. Iwe hivyo miaka mitatu tu, kisha isambaratike kabisa: asilimia 52.

Rudieni kuisoma hiyo. Miaka mitatu ya utishio inaizidi miaka kumi ya uzuri, hata ule uzuri wa ndoto unaoingia kila mwaka.

Bwana Pole uko sahihi kwamba bahati ni kubwa. Ila bahati ikiwa kubwa, ndiyo sababu ya kununua tiketi nyingi na zenye raundi chache. Siyo sababu ya kukaa.

---

Bwana Pole

Binti nakuheshimu, lakini umeweka kwenye mizani upande mmoja tu. Hiyo "kisha isambaratike kabisa" umeipita kama unaruka dimbwi. Kusambaratika kunauma. Chicago White Sox walibomoa timu, wakajenga, mwaka 2021 wakashinda 93 na kila mtu akasema hawa ndio wanakuja. Mwaka 2024 wakapoteza michezo 121. Mia moja ishirini na moja! Hakuna timu ya zama za kisasa iliyowahi kupoteza mingi hivyo. Nenda kamwambie shabiki wa kule kuhusu asilimia 52 zako.

---

Mzee Kijiti

Wanangu, mimi nimeanza kuufuata mchezo huu zamani kidogo, niruhusuni.

Atlanta Braves ya miaka ya tisini ndiyo timu nzuri ya kudumu kuliko zote nilizoziona. Kuanzia 1991 hadi 2005 walichukua ubingwa wa kundi mara 14 mfululizo, ukiacha 1994 ambao mgomo uliukata msimu. Warushaji wao watatu, Maddux, Glavine na Smoltz, wote leo wako kwenye ukumbi wa heshima. Makombe mangapi? Moja. 1995.

Watu wa Atlanta wamegawanyika mpaka leo. Wapo wanaoiona ile kuwa neema, miaka 14 unaingia Septemba ukiwa na jambo la kutazamia. Wapo wanaosema lile ni deni lisilolipwa. Mimi nilikuwa kundi la kwanza. Kadiri umri unavyokwenda nahamia la pili, sijui kwa nini.

Ila nakubaliana na Bwana Pole kwenye kubomoa. Houston walipoteza zaidi ya michezo 100 miaka mitatu mfululizo, 2011 hadi 2013, wakikusanya vijana. Mwaka 2017 wakawa mabingwa, na kila klabu ikataka kuiga. Baadaye ikabainika msimu ule walikuwa wanaiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji wake na kuwaashiria wapigaji wao kwa kugonga pipa la taka. Kwa hiyo hata mfano mzuri wa kubomoa una doa.

---

Zamu ya Tisa

Nimerudi.

Bwana Pole, tatizo lako unanibishia jambo ambalo sijalisema. Sijasema wabomoe. Kubomoa na kuridhika naviona ndugu wa tumbo moja: vyote vinamwambia shabiki "siyo mwaka huu". Mmoja anasema kwa kelele, mwingine kwa tabasamu.

Ninachosema kiko kwenye msimu wa 2025, tena ndani ya kundi moja. Houston walishinda 87. Asilimia 53.7, karibu ileile ya Dipoto. Wakalingana na Detroit kwenye nafasi ya mwisho, Detroit wakapita kwa kigezo cha kuvunja sare, Houston wakaenda nyumbani. Seattle walishinda 90. Wakachukua kundi kwa mara ya kwanza tangu 2001 na wakaruka raundi ya kwanza. Ushindi 3. Aliye na 87 hana kitu, aliye na 90 anahitaji raundi 3 tu. Kutoka 70 kwenda 73 hakuna anayejali. Kutoka 87 kwenda 90 ndipo kila kitu kilipo.

Na zile 3 zilitoka wapi? Mwisho wa Julai klabu ilifanya kile ambacho miaka miwili nyuma ilikuwa inatuomba subira nacho. Ilimchukua Josh Naylor kutoka Arizona, kisha ikamchukua, tena kutoka Arizona hiyohiyo, nani? Eugenio Suárez. Yule yule! Waliyemtoa Novemba 2023 wakamrudisha akiwa na homurani 36 mkononi (yaani mapigo ya kuvusha mpira nje ya ukuta).

---

Bwana Pole

Na Suárez akapiga wastani wa .189 baada ya kurudi, yaani chini ya mapigo mazuri mawili kwa kila majaribio kumi. Mbona hilo hulisemi?

---

Zamu ya Tisa

Nalisema. .189, na kila alipokwenda kupiga nilikuwa natazama pembeni. Halafu ikafika tarehe 17 Oktoba, mchezo wa tano wa fainali ya upande wa American dhidi ya Toronto, mfululizo 2-2. Zamu ya nane kati ya tisa, Seattle nyuma kwa 2-1. Cal Raleigh, mdakaji aliyekuwa amemaliza msimu na homurani 60, anasawazisha. Besi zinajaa zote tatu. Anakuja nani? .189. Akaupiga ukavuka ukuta wa kulia, mikimbio minne kwa pigo moja, 6-2. Nilipiga kelele mpaka nikagongewa ukuta na jirani.

Naylor naye, mtu mzito yule, ukimwona huwezi kudhani, aliiba besi 19 akiwa na Seattle (yaani kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa) na hakukamatwa hata mara moja.

Bei ya hao wawili kwa pamoja ilikuwa vijana watano. Chipukizi wa juu kabisa wa klabu hakuguswa hata mmoja.

---

Kelele Nyingi

Mwambie na kilichotokea tarehe 20.

---

Zamu ya Tisa

Unajua wewe ni mchawi.

Haya. Mchezo wa saba, Toronto. Seattle wanaongoza 3-1, zamu ya saba. Bryan Woo anampa mpigaji wa kwanza besi ya bure, wa pili anapiga anafika, wa tatu anauchezea mpira mfupi kuwasogeza. Wakimbiaji wako besi ya pili na ya tatu, ametoka mmoja. Walibaki wapigaji 8 wa kutoa. Wanane, na miaka 48 inaisha.

Kocha Dan Wilson anamtoa Woo anamleta Eduard Bazardo. Andrés Muñoz, mrushaji wetu wa kufunga michezo, bado yuko nje. Anayepiga ni George Springer, ambaye siku tatu kabla alipigwa na mpira gotini, na aliyeurusha ni huyohuyo Woo. Mtu anachechemea. Akaupiga kushoto. Nilijua kwa mlio kabla kamera haijageuka. 4-3, na ikabaki 4-3.

Kwa hiyo hapana, utishio haukutupa kombe. Naandika uzi huu nikilijua hilo. Lakini ile maumivu siibadilishi na ya 2023. Ya 2023 ilikuwa ya kuumwa na mbu.

---

Binti Takwimu

Pole. Lile la Muñoz linastahili uzi wake, tusilianzishe hapa.

Niongeze mfano ambao hauegemei upande wowote, maana naona mnanukia ushabiki. Milwaukee Brewers. Tarehe 1 Agosti 2022, wakiwa wanaongoza kundi lao, wakamuuza Josh Hader, mmoja wa warushaji bora wa kufunga michezo, kwenda San Diego. Timu inaongoza, unamuuza mfungaji wako! Walimaliza na 86. Philadelphia wakamaliza na 87, wakachukua nafasi ya mwisho, wakaenda hadi World Series. Mchezo mmoja tena.

Mpaka hapo ni kesi ya mleta uzi. Lakini mmoja wa waliopatikana kwa Hader, Esteury Ruiz, ndiye waliyemtumia Desemba hiyohiyo kumpata William Contreras, mdakaji ambaye ni nguzo yao. Brewers wakachukua kundi 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2025 walishinda 97, nyingi kuliko timu yoyote. Hapo ni kesi ya Bwana Pole.

Kisha wakakutana na Dodgers, wakafungwa 4-0. Katika mchezo wa nne Shohei Ohtani alirusha zamu sita akawatoa wapigaji 10 kwa straiki (yaani kwa straiki tatu kila mmoja), na yeye mwenyewe akapiga homurani 3. Hapo sijui ni kesi ya nani.

---

Mgeni Uwanjani

Mtu mmoja alifanya yote hayo usiku mmoja??

---

Mzee Kijiti

Mmoja. Na alisajiliwa kwa milioni 700 ambazo sehemu kubwa atalipwa baada ya mkataba kwisha, ili klabu ipate nafasi ya kuongeza wengine sasa hivi. Hao Dodgers hawajawahi kutandika mkeka. Baada ya kutolewa 2022 na 2023 wangeweza kusema bahati tu, tuna timu nzuri. Wakabeba 2024, wakabeba 2025.

---

Bwana Pole

Mzee, Dodgers ni Los Angeles. Kila klabu ikiambiwa iwe Dodgers nusu ya ligi itafunga milango.

Niseme ninapokubali, maana siyo ubishi wa kutafuta sifa. Nakubali kwamba kati ya 86 na 92 kila ushindi ni dhahabu, na hapo klabu ikibana mkono inajidhulumu. Nakubali na Baltimore: 2023 walishinda 101 na vijana wabichi, kila mtu akasema watatawala miaka kumi. Wakaongeza kidogo kidogo, kwa kunyatia. Wakatolewa tatu bila, mwaka uliofuata mbili bila, na 2025 wakapoteza 87 wakashika mkia wa kundi. Vijana nao wanaumia, wanazeeka, wanapoteza jicho la mpira. Subira ina tarehe yake ya kuharibika.

Ninapokataa ni pale mnapofanya neno "nzuri" kuwa tusi. Kuna timu hazijaona hata hiyo.

---

Mzee Kijiti

Sikulipinga hilo. Ila mtu akiniambia subira, mimi namkumbuka Félix Hernández.

Alianza na Seattle 2005 akiwa na miaka 19. Misimu 15, klabu moja. Tuzo ya mrushaji bora 2010. Agosti 2012 akacheza mchezo kamili, wapigaji 27 walikuja na 27 wakarudi bila hata mmoja kukanyaga besi. Ile misimu 15 yote timu yake haikuingia mtoano. Hakurusha mpira hata mmoja wa Oktoba.

Septemba 2019, usiku wake wa mwisho, alipotolewa alilia, kisha akaenda mpaka upande ule wanakokaa mashabiki wake wenye fulana za njano. Walikuwa wameshika vile vibao vyao vya herufi K, moja kwa kila mpigaji aliyetolewa kwa straiki, kama walivyofanya miaka yote. Alikuwa na miaka 33.

---

Bwana Pole

Mzee, hapo sina jibu.

Mleta uzi, Naylor wamemsainisha tena, miaka mitano. Umeona?

---

Zamu ya Tisa

Nimeona. Milioni 92 na nusu. Na Suárez?

---

Kelele Nyingi

Msubirini Julai, mtampata Arizona.